Nimeitwa tena usaili Dodoma, na mikono imeshaanza kutetemeka

"Shikamoo Mshauri. Nina miaka 27, nimesoma uhasibu, naishi Mbeya. Mwaka jana nilifaulu usaili wa mchujo nikaitwa wa mahojiano. Nilijiandaa wiki nzima. Nilipokaa mbele ya jopo mikono ikatetemeka, mdomo ukakauka, nikaambiwa nijieleze nikasahau hata mwaka niliomaliza chuo. Baada ya hapo karibu mwezi mzima sikulala vizuri, kila nikifumba macho namwona yule baba wa katikati alivyokuwa ananiangalia. Sasa nimeitwa tena Dodoma, zimebaki siku 12. Rafiki yangu amenipa vidonge vya presha, anasema yeye akimeza moyo hauendi mbio. Nimeze? Na nifanyeje huu woga uniachie?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na vidonge, maana hivyo vinaweza kukudhuru kabla hujafika hata Dodoma.

Usimeze. Kwa unavyovieleza huenda ni propranololi au ndugu zake, dawa zinazoizuia adrenalini isiukimbize moyo. Ni kweli wapo wanamuziki na wahutubu wanaoandikiwa na daktari kwa ajili ya kutetemeka. Lakini mwenye pumu akizimeza anaweza kubanwa kifua vibaya sana, na mwenye mapigo ya moyo ya chini anaweza kuishiwa nguvu akaanguka. Rafiki yako hakukupima. Ukiona huwezi bila dawa, nenda hospitali wiki hii, upimwe, na dozi ya kwanza uimeze siku ambayo huna usaili, ujue mwili wako unaipokeaje. Kiatu kipya hakijaribiwi siku ya safari ndefu. Vivyo hivyo kwa wale wanaopiga glasi moja "kutoa aibu" kabla ya kuingia: chumba cha usaili ni kidogo na harufu inafika mezani kabla yako.

Sasa hilo la woga kukuachia. Sitakuahidi, maana ningekudanganya.

Mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, watafiti Clemens Kirschbaum, Karl-Martin Pirke na Dirk Hellhammer walitafuta njia ya uhakika ya kumtia mtu mzima, mwenye afya zake, msongo ndani ya maabara, bila kumuumiza. Walichochagua ni usaili wa kazi. Mtu anaambiwa ajifanye ameomba kazi, anapewa dakika chache za kujiandaa, kisha anasimamishwa mbele ya jopo na kujieleza kwa dakika tano. Jopo limefundishwa kukausha uso: hakuna tabasamu, hakuna kutikisa kichwa. Akimaliza, anaambiwa ahesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 1022 akitoa 13 kila mara: 1009, 996, 983... Akikosea anaambiwa aanze upya. Walipopima mate yake, kotisoli, homoni ya msongo, ilikuwa imepanda mara mbili hadi nne. Tangu hapo njia hiyo imetumika katika maabara nyingi duniani, kwa sababu kwa watu wengi inafanya kazi. Ukitaka kumtetemesha binadamu, mketishie watu wasiocheka halafu mwambie ajieleze.

Kwa hiyo yaliyokupata mwaka jana yangewapata watu wengi. Mwili uliona watu wenye uwezo wa kukupa au kukunyima maisha, ukafanya unachofanya mbele ya hatari. Damu inakwenda kwenye misuli mikubwa, mate yanakauka, vidole vinapoa na kutetemeka, na tumbo linataka kujimwaga (ndiyo maana foleni ya choo asubuhi ya usaili huwa ndefu kuliko ya chai). Mwaka uliomaliza chuo haukufutika. Kotisoli ikipanda, kuchota jambo kwenye kumbukumbu kunakuwa kugumu kwa muda. Ndiyo maana ulipotoka nje, kwenye bodaboda, ulikumbuka kila kitu. Nadhani sijakosea hapo.

Kirschbaum na wenzake wakarudi na swali lingine, na matokeo yakatoka mwaka 1995. Waliwachukua wanaume 20 wakawapitisha kwenye jaribio hilo siku tano mfululizo. Siku ya kwanza miili ilipanda. Kuanzia siku ya pili, 13 kati yao walikuwa wameshapoa kwa kiasi kikubwa: jaribio lilelile, na mwili ukaona kumbe hakuna anayekufa hapa. Wale 7 waliobaki waliendelea kupanda kila siku. Sijui wewe ni wa kundi lipi, lakini una siku 12, zinatosha kujua.

Umesema ulijiandaa wiki nzima. Nina shaka ulijiandaa kwa kusoma: madaftari ya chuo, maswali yaliyopita yanayozunguka kwenye magrupu, kimyakimya, kitandani. Hayo yalikuvusha kwenye mchujo, ambako kalamu ndiyo inayosema. Kwenye mahojiano mdomo wako hukuuandaa hata siku moja.

Fanya hivi. Tafuta watu watatu. Wasiwe marafiki zako wa rika. Hao watacheka na wewe utacheka. Chukua mwalimu mstaafu wa mtaani, shemeji yako, na yule mama wa duka ambaye hata ukimsalimia hujui kama amefurahi. Wakae nyuma ya meza. Waambie masharti ni mawili tu: wasitabasamu, na wewe ukiongea wawe wanaandika kitu chochote kwenye karatasi. Wape maswali kumi. Wewe toka nje, vaa nguo na viatu vya siku yenyewe, piga hodi, ingia, salimia, subiri uambiwe ukae. Dakika ishirini, bila kusimama njiani na kusema "ngoja nianze tena". Ukikosea, endelea na kosa lako hadi mwisho, maana hata Dodoma hakuna kuanza tena. Rudia jioni tano. Ya kwanza itakuwa aibu tupu. Ya tatu utashangaa kwamba unamwangalia yule mama wa duka machoni na bado unaongea.

Hapo kwenye kusalimia watu wengi hupoteza pumzi bure, wakiwaza watoe shikamoo kwa nani na wamwache nani, maana jopo linaweza kuwa na mzee wa miaka 58 na kijana anayekuzidi mitatu. Toa salamu moja kwa wote, "Habari za asubuhi", kwa sauti ya kusikika, basi. Mzee akitaka shikamoo yake atakuwa ameshaipata mahali pengine siku hiyo. Mkono usitoe mpaka wao watoe.

Sasa nikuhamishie upande wa pili wa meza, nilikokaa miaka mingi kabla sijaingia kwenye ushauri nasaha. Yule baba wa katikati unayemwota usiku, kwa uzoefu wangu, alikuwa anafanya mambo matatu: anasikiliza jibu, analitafuta kwenye karatasi ya majibu yanayotarajiwa, na anaandika alama. Swali ni lilelile kwa kila msailiwa, na wewe huenda ulikuwa wa kumi na nane siku hiyo. Anakausha uso kwa sababu akimtabasamulia mmoja na kumkunjia mwingine, ameshapendelea. Zaidi ya hayo, ana njaa. Karatasi ile, katika majopo yote niliyokaa, haikuwahi kuwa na mstari unaosema "mikono inatetemeka, toa alama mbili". Kilichoandikwa ni kama umetaja hatua, kama umezitaja kwa mpangilio, kama unaielewa kazi.

Na hata hiyo mikono jopo haliioni kama unavyodhani. Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walilipima jambo hili kwa wanafunzi waliotakiwa kutoa hotuba, wakachapisha mwaka 2003. Mzungumzaji huamini wasiwasi wake unaonekana waziwazi. Wasikilizaji huona kidogo kuliko anavyodhani. Kilichonifurahisha ni kwamba wanafunzi walioambiwa ukweli huo kabla ya kusimama walihutubu vizuri zaidi kuliko wasioambiwa, kwa macho yao wenyewe na ya wasikilizaji. Kwa hiyo kukuambia tu hivi ni nusu ya dawa. Moyo unaousikia kama ngoma masikioni, mtu aliye mita mbili mbele yako hausikii.

Kinachoonekana kweli ni karatasi. Ukishika karatasi moja, mtetemo mdogo wa kidole unakuwa upepo kwenye bendera. Usishike kitu. Bahasha ya vyeti iweke mezani ukiruhusiwa, au mapajani, na mikono juu yake, kiganja kimoja kikikumbatia kingine.

Kuhusu cha kusema, sitaki ukariri majibu. Jibu la kukariri ni kama tasbihi: uzi ukikatika sehemu moja, punje zote chini. Kariri kitu kimoja tu, sekunde arobaini za mwanzo: jina, ulichosoma na wapi, mwaka uliomaliza (ndiyo, huo huo), ulikofanya fildi, na kazi moja uliyoifanya huko kwa mikono yako. Hizo ziseme kila siku, unapofua, unapopika, mpaka mdomo uzitoe wenyewe hata ukiamshwa usiku. Woga hukaba zaidi dakika ya kwanza. Mdomo ukiivuka wenyewe, kichwa kinapata nafasi ya kurudi.

Yaliyobaki yajibu kwa matukio uliyoyaona. Tuseme unaulizwa: "Ukiletewa hati ya malipo isiyo na viambatisho, na bosi wako anataka ilipwe leo, utafanya nini?" Aliyekariri ataanza na maana ya hati ya malipo, aya nzima kutoka kwenye kitabu, kisha atakwama. Wewe rudi fildi. Ile asubuhi fundi wa magari alikuja kudai pesa yake, hati ilikuwa na sahihi zote lakini haina oda ya ununuzi wala risiti ya EFD, na mhasibu aliyekuwa anakusimamia aliirudisha. Alisema nini? Aliandika wapi sababu? Fundi alifanya nini? Eleza hivyo kwa mpangilio: niliikagua, nikaona kimekosekana hiki na hiki, nikairudisha kwa maandishi, nikamweleza bosi kwa heshima kwamba mkaguzi akija hoja itatuangukia sote wawili, na nikamwambia itachukua muda gani kukamilisha. Kitu ulichokiona kwa macho kina harufu, sura na mahali, kwa hiyo hata kotisoli ikipanda kina milango mingi ya kukitolea. Andaa matukio matatu au manne ya namna hiyo: kosa ulilolifanya na ulivyolirekebisha, mara daftari la fedha halikulingana na taarifa ya benki, mara ulipogombana na mtu kazini. Yatajibu nusu ya maswali ya dunia.

Kuna siku akili itaganda pamoja na hayo yote. Usijaze pengo kwa "aaa... eee...". Jiandalie sentensi mbili za kuvukia. Moja: "Naomba nirudiwe swali, tafadhali." Ni haki yako, na inakupa sekunde kumi. Ya pili: "Naomba nafasi kidogo nipange jibu." Kisha nyamaza kweli, toa pumzi ndefu, ndipo uanze. Kimya kinachokuwa kirefu kama mwaka kwako, jopo linakitumia kumalizia kuandika alama za swali lililopita. Swali usilolijua kabisa sema hulijui, taja ungelitafuta wapi, pita. Jopo likianza na Kiingereza jibu kwa Kiingereza, sentensi fupifupi. Ukizama, omba ueleze kwa Kiswahili. Wakikataa umepoteza kidogo; usipoomba umepoteza jibu zima.

Safari nayo ina woga wake, na huo unazuilika kwa nauli. Mbeya hadi Dodoma kwa kupitia Iringa ni siku nzima ya basi. Gharama zote ni zako, chakula, nauli na malazi, najua, na najua pesa yenyewe labda umekopa. Lakini ukiweza fika siku moja kabla, lala gesti, asubuhi nenda ukaone jengo lenyewe na mlango utakaoingilia. Mtu aliyeshuka kwenye basi saa kumi na moja alfajiri na kuoga stendi ameshatumia nusu ya nguvu zake. Usiku huo usisome. Kagua bahasha tu: vyeti halisi, cha kuzaliwa, vya shule hadi chuo, na kitambulisho. Tangazo la kuitwa lisome neno kwa neno leo, siyo siku ya safari, hasa pale panaposema hati za matokeo hazipokelewi badala ya vyeti, na panapozungumzia majina yanayotofautiana. Nimewaona watu waliotetemeka kuliko wewe, tena nje ya mlango, kwa sababu cheti kimoja kinasema Asha na kingine Aisha.

Asubuhi kula kitu chepesi hata kama hutaki. Kahawa, kama hujaizoea, iache. Itakuongezea mapigo ya moyo ambayo tayari unayo ya kutosha. Kusali sali, na wala siongezi neno. Lakini anayekuuzia mafuta ya mvuto ili jopo likupende, muulize yeye kaajiriwa wapi.

Sehemu mbaya kuliko zote ni benchi. Unaweza kukaa saa tatu, nne, ukisubiri namba yako. Hapo kila anayetoka anazungukwa: "Wameuliza nini?" Anasema ameulizwa kuhusu sheria fulani hujawahi kuisikia, na benchi zima linapaniki, watu wanafungua simu. Ondoka hapo. Kaa mahali utakaposikia namba yako lakini husikii maneno. Pumua kwa kuhesabu: vuta kwa nne, toa polepole kwa sita, dakika tano. Siri iko kwenye kutoa. Pumzi ndefu ya kutoka huupunguza mwendo wa moyo kwa njia ya mishipa ya fahamu, na hiyo haihitaji imani yoyote. Utakuta wengine wamesimama chooni wamepanua mikono kama shujaa wa filamu, kwa kuwa waliona kwenye video kwamba mkao huo unapandisha homoni za kujiamini. Waache. Utafiti huo wa 2010 ulirudiwa na watu wengine ukagoma, na mwaka 2016 Dana Carney, mmoja wa walioufanya, alitangaza kwamba haamini tena matokeo yake.

Jambo moja dogo ambalo mimi mwenyewe hulitumia: usijiambie "tulia". Mwili ulioshika moto hautii amri hiyo. Alison Wood Brooks wa Harvard, katika utafiti wa 2014, alikuta kwamba watu waliojisemea kwa sauti kuwa wana msisimko kabla ya kuimba, kuhutubu au kufanya hesabu walifanya vizuri kuliko waliosema wana wasiwasi au waliojilazimisha kutulia. Mapigo ya moyo ni yaleyale; umeyabadilisha jina tu. Kwa Kiswahili chetu jiambie, "Nina hamu ya kuingia humu." Sema kwa sauti ndogo, watakudhani unasali.

Sasa baada ya kutoka, maana kwa barua yako huko ndiko ulikoumia zaidi: dakika ishirini za usaili zilikula mwezi.

Kotisoli haishuki unapofunga mlango. Inachukua karibu saa nzima au zaidi. Katika muda huo kichwa bado kiko vitani, kinatafuta ulikokosea. Kwa hiyo hukumu yoyote utakayoitoa ukiwa bado Dodoma ukielekea stendi, itupe. Fanya kitu kimoja tu: kaa chini kwenye kivuli, toa kidaftari, andika maswali yote uliyoulizwa na ulichojibu, kwa ufupi, bila kujisifu wala kujitukana. Funga. Usiku ile filamu ikianza, na itaanza, unajibu: imeshaandikwa, iko kwenye kidaftari. Kichwa hurudia jambo kwa kuogopa kulipoteza. Likiwa kwenye karatasi hupunguza kelele. Kila unapolirudia bila karatasi unaliongezea chumvi, ndiyo maana yule baba wa katikati amekuwa mkali zaidi mwaka huu kuliko alivyokuwa siku ile.

Magrupu ya wasailiwa yazime kwa wiki mbili. Humo kila mtu anadai alijibu yote, na kuna mmoja ana binamu anayejua majina yaliyopita. Tangazo la kuitwa kazini likitoka litakufikia, usihofu.

Nyumbani watauliza. Mama atauliza, "Umeonaje?" Ukisema "vizuri" ataanza kuwaambia majirani, ukisema "vibaya" atakosa usingizi na wewe. Sema, "Nimeingia, nimejibu, wametuambia tusubiri." Rudia hivyohivyo kwa baba, mjomba na mchungaji. Na majina yakitoka bila lako, kumbuka kwamba kukosa nafasi na kufeli ni mambo mawili tofauti. Wapo wanaofaulu usaili, nafasi zikawa chache, majina yao yakawekwa kwenye kanzidata, wakaja kupangiwa kituo baadaye.

Kitu kimoja nakifuatilia kwenye barua yako: kutolala karibu mwezi. Kama hali hiyo imeanza tena sasa, kama huli, kama umewahi kuacha kuomba kazi unayoiweza ili tu usiitwe, hapo tumeshavuka woga wa kawaida. Nenda hospitali ya rufaa, uliza kitengo cha afya ya akili. Kuna tiba ya mazungumzo inayofanya kazi vizuri kwa hofu ya aina hii, na haina uhusiano wowote na utani ambao watu huutania kuhusu Mirembe, ile hospitali ya afya ya akili ya Dodoma.

Anza kesho jioni, na yule mama wa duka. Ukirudi Mbeya niandikie maswali yaliyoko kwenye kidaftari, hata kama ni matatu tu, tuyapitie pamoja.